Kuchagua Mbegu ya Ndengu Karurumo: Mwongozo kwa Vikundi vya Wakulima na Maafisa wa Ugani

1. Walengwa na shabaha

Mwongozo huu ni wa vikundi vya wakulima wa Karurumo na vijiji jirani, pamoja na maafisa wa kilimo wanaovihudumia. Karurumo iko upande wa chini wa Runyenjes, Kaunti ya Embu, pale kahawa inapoanza kupata taabu na nchi inateremka kuelekea Ishiara na Mbeere. Kadiri unavyoteremka, mvua inapungua na joto linaongezeka, na ndengu, kunde, mbaazi na mtama vinachukua nafasi ya mahindi. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na katika ukanda wa chini wakulima wengi huitegemea zaidi ile ya Oktoba.

Shabaha ni mbili. Ya kwanza ni kukiwezesha kikundi kulinganisha aina kadhaa za ndengu kwa haki, ili kijue ipi inafaa mashamba yake. Ya pili ni kukionyesha namna ya kuchagua mimea bora ndani ya mbegu ya kienyeji na kuikuza hadi iwe mbegu ya kikundi. Vifaa ni vichache: kamba, tepu ya kupimia, mizani ndogo ya dijitali inayosoma gramu na sehemu zake, mifuko ya karatasi, vibao vya kuandikia namba, daftari na kalamu ya risasi. Kinachohitajika kwa wingi ni subira ya misimu minne, yaani miaka miwili.

Kanuni moja inapita katika hatua zote: kabla ya kuusifu mmea, jueni sifa hiyo imetoka wapi, kwenye udongo au kwenye mbegu. Iliyotoka kwenye udongo inabaki shambani siku ya kuvuna. Iliyotoka kwenye mbegu ndiyo itakayorudi msimu ujao.

2. Kwa nini mmea mkubwa huweza kudanganya

Desturi iliyoenea ni kupita shambani wakati wa mavuno, kuchuma maganda marefu kwenye mimea iliyonawiri na kuyaweka kando kuwa mbegu. Nia ni njema, ila mara nyingi faida haionekani. Mmea huo huenda ulinawiri kwa sababu uliota penye samadi, au jirani yake alikufa ukabaki na nafasi na maji ya wawili, au ulikuwa karibu na tuta ambako maji ya mvua hutuama. Watoto wake hawatarithi samadi wala tuta.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Mwaka 1903 mtaalamu wa mimea wa Denmaki, Wilhelm Johannsen, alichapisha matokeo ya majaribio yake ya maharagwe. Alipochukua maharagwe mchanganyiko, punje nzito zilizaa mimea yenye punje nzito kwa wastani kuliko punje nyepesi. Lakini alipochukua uzao wa mmea mmoja uliojichavusha wenyewe, kizazi baada ya kizazi, hali ilibadilika: punje nzito na punje nyepesi za ukoo huo zilizaa watoto wenye wastani uleule. Ndani ya ukoo safi, tofauti zote zilikuwa za mazingira, kwa hiyo kuchagua hakukuongeza chochote.

Ndengu ina tabia kama ya maharagwe. Ua lake hujichavusha lenyewe, aghalabu kabla halijafunguka, na ni mara chache chavua ya mmea mwingine kuingia. Kutokana na hilo, kikundi kizingatie mambo mawili:

Kwanza, msihangaike kuchagua mimea ndani ya mbegu safi iliyothibitishwa. Kama mmenunua pakiti ya aina iliyothibitishwa kama N26, mimea yake ni ndugu wanaokaribia kufanana kabisa, na tofauti mnazoziona ni za udongo. Kazi yenu hapo ni kung'oa mimea migeni na yenye ugonjwa, basi.

Pili, uchaguzi una faida palipo na mchanganyiko wa koo nyingi: mbegu ya kienyeji iliyorithiwa, mbegu iliyonunuliwa sokoni kutoka mikono mingi, au mbegu ya watafiti iliyotokana na kupandisha aina mbili. Bila tofauti za kijenetiki hakuna cha kuchagua.

3. Mahali pa kupata tofauti

Anzeni na mlicho nacho. Kila mwanachama alete kilo moja ya mbegu anayoitumia, na katibu aandike imetoka wapi na imelimwa misimu mingapi. Mwageni kila moja kwenye karatasi nyeupe na mtazame. Punje za ukubwa tofauti, zinazong'aa zikichanganyika na zilizofifia, za kijani na za manjano, ni dalili kwamba mna koo nyingi ndani ya debe moja.

Ongezeni aina zinazojulikana. N26, ambayo sokoni huitwa nailoni kwa mng'ao wake, hukomaa mapema, siku 60 hadi 65 hivi penye joto. KS20 huchelewa kuliko N26 na kijani chake kimefifia. KALRO, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, pia imetoa aina mpya zaidi, zikiwemo Biashara, Karembo na Ndengu Tosha, zenye punje kubwa kuliko zile za zamani. Nunueni pakiti yenye lebo ya KEPHIS, taasisi inayokagua mbegu, na kabla ya kufungua, kwaruzeni lebo mtume namba yake kwa ujumbe mfupi kwenda 1393 ili mthibitishe si bandia. Jaribio lililoanza na mbegu bandia ni kazi bure.

Hifadhi kubwa zaidi ya tofauti iko nje ya uwezo wa kikundi, lakini ni vizuri kujua ipo. Benki ya Jeni ya Kenya huko Muguga, iliyoanzishwa mwaka 1988, huhifadhi mbegu za mazao ya nchi hii. Kituo cha Dunia cha Mboga, kilichoanzia Taiwan na chenye ofisi Arusha, kina mkusanyiko wa maelfu ya sampuli za ndengu kutoka nchi nyingi. Thamani ya hifadhi hizi inaonekana katika mfano mmoja: ndengu-mwitu iliyokusanywa Madagaska, inayojulikana kwa namba TC1966, iliwapa watafiti mojawapo ya vyanzo vya mwanzo vya uwezo wa kustahimili fukusi. Mmea huo una punje ndogo ambazo hakuna mfanyabiashara angezitaka, lakini ulibeba kitu ambacho aina nzuri za shambani hazikuwa nacho.

4. Sifa za kupima, na kiasi cha kuziamini

Sifa zote hazirithiwi kwa nguvu moja. Baadhi hubaki vilevile hata udongo ukibadilika, na nyingine huyumba na kila wingu. Zipimeni zote, lakini uzito wa uamuzi mzipe kwa mpangilio huu.

Siku hadi kuchanua. Hesabuni siku tangu kupanda hadi nusu ya mimea ya ploti ionyeshe angalau ua moja. Sifa hii hurithiwa kwa nguvu na ni rahisi kupima. Kwa Karurumo ndiyo inayoamua kama zao litamaliza kabla mvua haijakatika.

Uzito wa punje 100. Baada ya kukausha, hesabuni punje 100 bila kuchagua, mzipime, na mrudie mara tatu. Nayo hurithiwa kwa nguvu. Punje ndogo za kienyeji huwa gramu 3 hadi 4 kwa punje 100. Aina za punje kubwa hufika gramu 6 na zaidi.

Rangi na mng'ao. Hutawaliwa na jeni chache, hivyo hupita kwa watoto bila shida. Mnunuzi huangalia hapa kwanza. Ulizeni wachuuzi wa soko lenu kabla ya kuchagua, kwa maana wapo wanaotaka nailoni na wapo wanaotaka punje kubwa.

Punje kwa kila ganda. Chukueni maganda kumi kutoka mimea kumi, mhesabu. Sifa hii hubadilika kiasi, hasa mvua ikikatika wakati wa kuchanua.

Maganda kwa kila mmea. Hii ndiyo sifa inayoambatana zaidi na mavuno, lakini huyumba sana kwa nafasi, rutuba na maji. Ikipimwa kwenye mmea mmoja haiaminiki. Ikipimwa kwenye mistari iliyorudiwa mahali pengi inaanza kusema ukweli.

Kukomaa kwa pamoja. Andikeni asilimia ya maganda yaliyokauka siku ya mchumo wa kwanza. Ndengu ina tabia ya kuchanua kwa awamu, na kila awamu ni siku nyingine ya vibarua. Ukoo unaotoa sehemu kubwa ya maganda katika mchumo mmoja unaokoa fedha hata kama mavuno yake si ya juu kabisa.

Afya. Wekeni alama ya 1 hadi 5 kwa ubwiri unga, kwa majani yenye mabaka ya manjano na kwa vidukari, 1 ikiwa ni safi na 5 ikiwa ni kushambuliwa vibaya. Alama zitolewe siku moja na mtu yuleyule, maana jicho la mmoja si la mwingine.

Urefu wa mmea na wingi wa majani viandikwe mwisho. Ndivyo vinavyovutia mpita njia na ndivyo vinavyopotosha uchaguzi kuliko vyote.

5. Hesabu ya mavuno

Mavuno ya mmea mmoja ni zao la vitu vitatu: maganda, punje kwa ganda, na uzito wa punje. Chukueni mfano wa mmea wenye maganda 12, kila ganda punje 10, na punje 100 zenye uzito wa gramu 4.5. Punje zote ni 120, uzito wake gramu 5.4. Kwa nafasi ya sentimita 45 kwa 15, ekari moja hubeba mimea 60,000 hivi. Mimea yote ikifanana na huo, ekari itatoa kilo 324, sawa na magunia matatu na nusu ya kilo 90 pamoja na kilo chache.

Mtu akileta aina yenye gramu 6 kwa punje 100, ni rahisi kutarajia kilo 432. Hilo litatokea tu ikiwa maganda yatabaki 12. Mmea una chakula cha kiasi. Ukiongeza ukubwa wa punje mara nyingi hupunguza idadi ya maganda. Yakishuka hadi 9, mavuno yanarudi palepale kwenye gramu 5.4, ijapokuwa punje sasa ni kubwa na huenda zina bei nzuri zaidi. Kwa hiyo msichague kwa sifa moja. Pimeni vyote vitatu, kisha pimeni na mavuno yenyewe.

6. Jaribio la kulinganisha aina

Jaribio dogo lililopangwa vizuri linashinda shamba kubwa lililopandwa kiholela. Mpango unaofaa kikundi ni aina nne zilizorudiwa mara tatu: N26, KS20, aina mpya moja, na mbegu ya kienyeji ya wanachama.

Kila ploti iwe na mistari minne yenye urefu wa mita 4, sentimita 45 kati ya mistari na 15 kati ya mashimo. Pandeni punje mbili kwa shimo na baadaye mbakishe mmea mmoja. Ploti zote 12 zinachukua mita za mraba 90 hivi, bila kuhesabu njia.

Ploti nne, moja ya kila aina, zikae pamoja kwenye kitalu kimoja. Penye matuta ya fanya juu, kila ngazi iwe na kitalu chake. Kumbukeni kwamba kwenye ngazi moja unyevu haulingani: maji na udongo mzuri hujikusanya upande wa chini, juu kidogo ya tuta. Kwa hiyo mistari ifuate mkingamo wa mteremko, na ploti nne zipangwe mfululizo, zote zikiwa umbali mmoja na tuta. Aina moja ikikaa karibu na tuta na nyingine mbali, mtakuwa mnashindanisha maji, si mbegu.

Mpangilio wa aina ndani ya kila kitalu uamuliwe kwa kura. Andikeni majina kwenye vikaratasi, mvichanganye kofiani, mchukue kimoja kimoja, na mrudie upya kwa kila kitalu. Mwenye shamba asichague ploti ya aina anayoipenda. Zungusheni jaribio kwa mistari miwili ya ndengu yoyote, ili mimea ya pembeni isipate mwanga na nafasi ya ziada.

Pandeni ploti zote siku moja, palilieni kitalu kizima siku moja, na dawa ikipigwa ipigwe kote. Kazi ikikatizwa na mvua, malizeni kitalu mlichoanza kabla ya kuondoka.

Wakati wa kuvuna, chumeni mistari miwili ya katikati tu. Eneo lake ni mita za mraba 3.6. Zidisheni gramu mlizopata kwa 1.124 na mtapata kilo kwa ekari: gramu 300, kwa mfano, ni sawa na kilo 337.

7. Kusoma matokeo

Wastani peke yake hautoshi. Angalieni kama tofauti kati ya aina ni kubwa kuliko tofauti ndani ya aina moja kutoka kitalu hadi kitalu.

Tuseme uzito wa punje 100 wa aina ya kwanza umekuwa gramu 4.4, 4.5 na 4.6 kwenye vitalu vitatu, na wa aina ya pili 5.9, 6.1 na 6.0. Takwimu hizi hazigusani kabisa. Tofauti ni ya mbegu. Sasa tuseme maganda kwa mmea yamekuwa 9, 14 na 19 kwa aina ya kwanza, na 11, 12 na 20 kwa ya pili. Wastani wa pili ni mkubwa kidogo, 14.3 dhidi ya 14, lakini kila aina imeyumba kwa maganda tisa au kumi kati ya kitalu na kitalu. Hapo aliyesema ni udongo, na haifai kutangaza mshindi.

Kanuni rahisi kwa kikundi: aina ihesabiwe kuwa bora ikiwa imeongoza kwenye vitalu vyote vitatu, na ikaongoza tena kwenye msimu mwingine wa mvua. Ikiongoza kwenye viwili kati ya vitatu, rudieni. Afisa wa ugani anayejua uchanganuzi wa takwimu aufanye, lakini data ghafi ibaki kwenye daftari la kikundi.

Msimu wa pili si wa hiari. Mvua ikinyesha vizuri, aina inayochelewa hupata muda wa kujaza maganda mengi na huonekana bingwa. Mvua ikikatika mapema, inayowahi huwa imeshakomaa wakati mwenzake bado ana maua. Aina iliyoshinda mwaka wa neema huweza kuwa ya kwanza kuwaangusha mwaka wa ukame. Mkipata mbili zinazopokezana ushindi, limeni zote mbili, na ile ya mapema ichukue sehemu kubwa zaidi kwenye mashamba ya chini.

8. Kuchagua ndani ya mbegu ya kienyeji

Kazi hii hufanyika sambamba na jaribio, kwenye shamba tofauti la mbegu mchanganyiko. Ianzeni mvua ya Oktoba.

Msimu wa kwanza: kuchagua mimea. Gawanyeni shamba kwa kamba kuwa miraba 20 inayolingana. Ndani ya kila mraba chagueni mimea mitatu bora ya mraba huo, hata kama mraba jirani una mimea iliyonawiri kuliko yote. Kwa njia hii mmea unashindanishwa na majirani waliokunywa maji yaleyale. Msichague mmea wa ukingoni, wala ulio karibu na pengo, njia au lundo la samadi. Fungeni utepe mapema, wakati wa kuchanua, kwa mimea iliyowahi na isiyo na ugonjwa, kisha mhakiki wakati wa mavuno. Mtapata mimea 60. Kila mmoja uvunwe kwenye mfuko wake wa karatasi wenye namba, msichanganye kamwe. Pimeni punje, mtupe yenye rangi isiyotakiwa, mbaki na mimea 40.

Msimu wa pili: mmea mmoja, mstari mmoja. Pandeni kila mfuko kwenye mstari wake wa mita 2. Baada ya kila mistari kumi wekeni mmoja wa N26 na mmoja wa mbegu ya kienyeji isiyochaguliwa, viwe kipimo. Hapa ndipo ukweli unapojitokeza: mmea uliokuwa mzuri kwa sababu ya udongo utazaa mstari wa kawaida. Linganisheni kila mstari na vipimo vilivyo karibu nao. Bakisheni mistari minane. Mstari ambao mimea yake haifanani, mingine ikiwahi na mingine ikichelewa, bado ni mchanganyiko. Uacheni, au mchague mmea mmoja ndani yake muanze upya.

Msimu wa tatu: koo nane kwenye jaribio. Pangeni koo nane pamoja na N26 na mbegu isiyochaguliwa, zote kumi zikirudiwa mara tatu kama sehemu ya 6 inavyoeleza. Sasa mavuno ya ploti yana maana kuliko idadi ya maganda ya mmea mmoja.

Msimu wa nne: mashamba mawili. Koo tatu zilizoongoza, pamoja na N26, zirudiwe kwenye shamba la Karurumo na kwenye jingine la chini zaidi, upande wa Ishiara. Pembeni, ongezeni mbegu ya kila ukoo kwenye ploti ya kuzalisha, mita chache mbali na ndengu nyingine, ili isichanganyike wakati wa kuchuma na kupura. Ndengu zinazojichavusha huharibiwa zaidi na turubai lisilopanguswa kuliko nyuki.

9. Kupima faida ya uchaguzi

Kikundi kinaweza kupima chenyewe nguvu ya urithi, mradi mbegu isiyochaguliwa ipandwe msimu uleule kando ya iliyochaguliwa.

Mfano: mimea ya shamba la kwanza ilikuwa na wastani wa maganda 12, na mliyochagua ilikuwa na wastani wa 20. Mliruka maganda 8. Msimu uliofuata watoto wa mliyochagua wana wastani wa 14, na wa mbegu isiyochaguliwa bado ni 12. Mmebaki na maganda 2 kati ya 8, yaani robo. Robo tatu zilikuwa za udongo na bahati.

Fanyeni hesabu hiyohiyo kwa uzito wa punje. Wastani wa shamba ulikuwa gramu 4.5 kwa punje 100, mliyochagua gramu 5.5, watoto wamepata 5.2 na mbegu isiyochaguliwa 4.5. Mmebaki na 0.7 kati ya 1, au asilimia 70. Sifa kama hii mnaweza kuichagua kwa mmea mmoja mmoja msimu wa kwanza. Yenye robo tu isubiri mistari na marudio ya msimu wa tatu. Hesabu hii inawaonyesha pa kutumia nguvu kazi yenu, maana kupima kila kitu kwenye kila mmea ni kuchosha watu bila faida.

10. Mazao mengine

Kunde nazo hujichavusha, hivyo hatua zote hapo juu zinazifaa, na wanaochuma mboga waongeze kipimo cha majani. Mbaazi ni tofauti: nyuki huchanganya chavua yake kwa kiasi kikubwa, na ukoo safi hauwezi kudumu jirani na mbaazi za wengine. Anayetaka kuhifadhi aina ya mbaazi aiweke mamia ya mita mbali na nyingine, au anunue mbegu mpya kila baada ya misimu michache.

Ufuta, ambao Kenya hulimwa zaidi Pwani na magharibi, hujichavusha kwa sehemu kubwa ingawa nyuki huchanganya kiasi. Hesabu yake ya mavuno ni matawi, vitunda kwa mmea, punje kwa kitunda na uzito wa punje. Anayeujaribu sehemu kavu za Embu aongeze sifa ya kupasuka kwa vitunda, kwani ndiyo inayomwaga mavuno chini. Mwaka 1943 huko Venezuela ulipatikana ufuta ambao vitunda vyake havipasuki, sifa inayotawaliwa na jeni moja, lakini ikaja na kasoro zake: kuzitoa punje humo ni kazi. Tanzania, kituo cha Naliendele mkoani Mtwara kimetoa aina kadhaa za ufuta, ikiwemo Lindi 2002. Ufuta haustahimili maji yaliyotuama, kwa hiyo usipandwe kwenye ukingo wa chini wa ngazi.

11. Kuhifadhi koo

Fukusi huanza shambani, kwa kutaga mayai juu ya maganda yanayokauka. Chumeni mapema maganda yakishakuwa meusi au kahawia, msiyaache yasubiri. Kausheni juu ya turubai hadi unyevu ufike asilimia 12 au chini. Bila kipimo cha unyevu, tieni mbegu kidogo kwenye chupa ya kioo pamoja na chumvi kavu, mtikise kwa dakika chache mwache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mbegu bado ni mbichi.

Mbegu nyingi ziwekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Koo ndogo zinatoshea chupa za plastiki zilizokauka, zikajazwa hadi shingoni na kufungwa kabisa. Hewa ikiisha ndani, fukusi hufa. Kila chupa iwe na kibandiko nje na kikaratasi ndani chenye namba ya ukoo, msimu na shamba. Gaweni akiba kwa wanachama wawili wanaoishi mbali, ili moto au panya wa nyumba moja wasiondoe kazi ya miaka miwili.

12. Uamuzi wa mwisho

Mwisho wa msimu wa nne, itisheni kikao na mweke meza moja takwimu za ploti zote. Kabla ya kupanga kuuza mbegu nje ya kikundi, fikeni ofisi ya KEPHIS au ya kilimo ya kaunti mjue sheria inavyosema wakati huo; kutambuliwa kuwa aina mpya kuna majaribio yake rasmi ya kitaifa. Ukoo ulioonyesha kitu cha pekee, kwa mfano kustahimili ubwiri unga au fukusi kuliko N26, upelekwe sampuli KALRO pamoja na nakala ya daftari. Mtafiti atauthamini zaidi akiona namba za vitalu vitatu na misimu miwili kuliko akisimuliwa.

Ukoo wenu ukiishinda N26 kwenye mashamba yote mawili na kwenye mvua zote mbili, uzalisheni kwa mashamba ya wanachama. Ukilingana nayo kwa mavuno lakini ukakomaa kwa mchumo mmoja, hesabuni gharama ya vibarua kabla ya kuamua. Huenda faida iko hapo. Usipoishinda kwa lolote, nunueni mbegu iliyothibitishwa msimu ujao na fedha zenu zitumike kwa samadi na matuta. Kikundi kilichofika kwenye jibu hilo kwa kupima kimeokoa zaidi ya kinachoendelea kupanda mbegu dhaifu kwa sababu tu ilitoka kwenye mmea mrefu.